Bibi, Usifungashe Kwanza: Namna ya Kuitetea Nyumba Unayolala, Malindi na Lamu

Mwanamke aliyezeeka hafukuzwi nyumbani kwa siku moja. Huanza kwa maneno. Shemeji anauliza hati iko wapi, "tuiweke pamoja na za marehemu". Mwana anasema nyumba hii kubwa mno kwako, mama, si uje ukae kwetu. Siku nyingine kijana asiyejulikana anapita na utepe wa kupimia, akiamkia watu vizuri tu. Ikifika siku ya kufungasha, kazi yenyewe ilishamalizwa zamani, kwenye karatasi ambazo bibi hakuonyeshwa.

Haya nayaandika kwa bibi huyo na kwa mjukuu anayemsomea kwenye simu. Mimi si wakili. Nilizaliwa Langoni, Lamu, nikaolewa Malindi, na kazi yangu ilikuwa ukarani katika ofisi ya wakili: kupiga chapa viapo, kupeleka mafaili mahakamani, kusubiri mihuri. Siku hizi wazee wenzangu huja barazani kwangu Barani na makaratasi yao kwenye mifuko ya plastiki. Serikali ya Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, lakini kwa hati na risiti bado ndiyo kasha letu.

Ujue kwanza umekaa juu ya nini

Kabla hujaenda kwa chifu, kwa kadhi wala kwa wakili, jibu mambo mawili. Ardhi iliyo chini ya nyumba ni ya nani? Na wewe uliingia hapo kwa ruhusa ya nani? Usiyapite haraka, kwa sababu kifungu kinachomwokoa mjane mmoja ndicho kinachomzamisha jirani yake, na watu hupoteza kesi nzuri kwa kudai haki isiyo yao.

Ardhi ya nani, utajua kwa kufanya sachi, yaani kupekua rejista ya ardhi. Chukua namba ya ploti, nakala ya kitambulisho na pini ya KRA (namba yako ya mlipa kodi), ujaze fomu ya ofisi ya ardhi, ulipe ada, usubiri. Jibu litakuonyesha jina la mwenye hati, kama kuna mkopo wa benki juu yake, na kama kuna mtu ameweka kosheni, yaani zuio lililoandikwa kwenye rejista. Fanya sachi hata kama una hakika. Nimeona mama akiitetea kwa nguvu zote hati iliyokuwa kabatini mwake, kumbe kwenye rejista jina lilishabadilika.

Nyumba bila shamba

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wetu wa Malindi tulipo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa Pwani wapeleke madai yao waandikiwe. Waliopeleka walipata hati, ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni, na Wamijikenda wengi wakajikuta wageni kwenye mashamba waliyoyalima. Matokeo yake tunayaishi mpaka leo: mtu amejenga nyumba yake mwenyewe, ya udongo na makuti au ya mawe na mabati, lakini kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi au kila mwaka anatoa kodi ya ardhi. Nyumba yako, shamba lake. Mahakama za Pwani, Malindi ikiwemo, zimelitambua jambo hili ingawa linapingana na kanuni ya Kiingereza kwamba aliye na ardhi ana kila kilicho juu yake.

Kwa hiyo nyumba unaweza kuiuza, kuipangisha, na hata inaweza kurithiwa. Udhaifu uko kwenye kiwanja. Mwenye shamba akitoa notisi ya kutosha anaweza kukutaka uondoe nyumba yako, na nyumba ya udongo ukiibomoa utaondoka na nini? Milango na boriti.

Fanya hivi. Moja, risiti ziwe na jina lako. Mume akifa, mkusanyaji kodi huendelea kuandika jina la marehemu miaka na miaka, na siku ya ugomvi wewe huonekani popote. Mfuate akuandikie wewe, na usikubali malipo ya mdomo. Ukilipa kwa M-Pesa, ujumbe uuhifadhi na uuandike pia kwenye daftari.

Mbili, ukiweza, lipa kwa mwaka na risiti iseme mwaka. Si ujuaji wangu huu: kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema ukikaa kwenye ardhi ya mtu kwa kodi bila mkataba ulioandikwa, wewe ni mpangaji wa kipindi, na notisi ya kukutoa haiwezi kuwa fupi kuliko kipindi unacholipia. Anayelipa kwa mwezi amejiwekea kinga ya mwezi mmoja, na anayelipa kwa mwaka ana nafasi ya kuhema.

Tatu, usidanganywe na habari ya miaka 12. Ni kweli Sheria ya Muda wa Mashtaka, Sura ya 22, inamruhusu aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila ruhusa, kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi aombe kuandikishwa mwenyewe. Lakini wewe unayelipa kodi una ruhusa, na risiti zako ndizo zinazothibitisha. Risiti zilezile zinazosema nyumba ni yako zinasema shamba si lako. Chagua njia moja. Na kama ardhi ni ya umma, miaka 12 haisaidii hata ukikaa 50.

Nne, na hili hulifanya wachache: nendeni majirani pamoja kwa mwenye shamba mapema, kabla hajapata mnunuzi, mumwombe awauzie nyinyi kwanza au awape mkataba wa miaka kadhaa uliosajiliwa. Familia nyingi zenye mashamba nazo zina warithi wanaogombana, wanataka pesa taslimu, na hawapendi kesi. Bibi mmoja peke yake husikilizwa kwa adabu kisha akasahauliwa. Nyumba thelathini zikija na wakili mmoja, kikao kinapangwa.

Mume akiwa hai

Kama hati ina jina la mume peke yake, usikae ukisema "sisi ni kitu kimoja". Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema nyumba ya ndoa haikodishwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke, wala haiuzwi bila ridhaa hiyo kama ndoa ni ya mke mmoja, na kwamba mume hawezi kumtoa mkewe nyumbani humo ndoa ikiwa hai ila kwa amri ya mahakama. Mchango wako unahesabika hata kama hukuwa na mshahara: kupika, kulea, kulima, kumsimamia duka. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba hili halimaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mtu huonyesha alichotia. Waislamu sheria hiyohiyo inasema wanaweza kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa.

Sheria inampa mke, hata kama wake ni wengi, haki ya kuweka kosheni kwenye hati ya mume. Unajaza fomu, unaapa kiapo kueleza haki yako ni ipi, unalipa ada, na kuanzia hapo msajili hapitishi uuzaji bila kukupa habari. Mume ataarifiwa, kwa hiyo jiandae kwa maneno ya jioni. Na usiiweke kwa hasira bila msingi, maana anayezuia ardhi ya mtu pasipo sababu anaweza kudaiwa fidia. Kama ni shamba la kilimo, huko Ganda au Magarini, kuna mlango wa pili: uuzaji lazima upate kibali cha bodi ya ardhi ya eneo. Jua siku ya kikao, nenda, kaa mbele, sema hukuridhia. Nimeona mauzo ya mamilioni yakisimama kwa sababu ya mwanamke mmoja mwenye buibui aliyeinua mkono.

Mume akifa: sisi Waislamu

Siku za eda ni miezi minne na siku kumi, na mjane hukaa nyumbani kwake. Siku hizo si za kutia saini. Wala kidole gumba. Karatasi zikija, ziwekwe chini ya mto mpaka eda iishe. Usiyeweza kusoma, usomewe mbele ya shahidi wako wewe, si wao.

Ugawaji wa mirathi ya Mwislamu haufuati Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Hufuata Qur'ani, na kukimbilia Mahakama Kuu badala ya kadhi hakubadilishi mafungu. Mke ana thumni, yaani moja ya nane, mume akiacha watoto, robo asipoacha, na wake wakiwa wawili wanagawana fungu hilohilo. Nyumba ya shilingi milioni nne, thumni ni laki tano. Laki tano hainunui chumba Malindi, na nyumba ya mawe ya Mkomani haikatwi kwa msumeno ukapewa wewe ndani na mwanao apewe daka, ukumbi wa mlangoni. Ndiyo maana nyumba nyingi za Lamu huuzwa kwa mgeni, warithi wakagawana, na bibi akaenda kuwa mgeni kwa wanawe kwa zamu.

Lakini thumni huhesabiwa mwisho. Kabla yake kuna mazishi, kuna madeni, na mahari yako uliyokuwa hujalipwa ni deni mojawapo. Na kabla ya hayo yote kuna swali ambalo wajane wengi hawaulizi: nyumba yote ilikuwa ya marehemu? Ulichotia wewe ni mali yako, hakiingii kwenye tirka, mali ya marehemu ya kugawanywa. Alinijia bibi mmoja wa Shella, hii ya Malindi, na bahasha ya khaki iliyolainika kama kitambaa. Ndani mlikuwa na risiti ya sonara, ya bangili na kidani alivyouza, na risiti ya mabati na misumari ya wiki iliyofuata, zote mbili kwa jina lake, wino umefifia rangi ya chai. Mashemeji walikuwa wakisema hakuchangia hata kokoto. Karatasi mbili zile zilipowekwa mezani, na fundi wa zamani akaja kutoa ushahidi nani alikuwa akimlipa, familia ilikubali kwamba sehemu kubwa ya nyumba haikuwa ya kugawanywa. Tafuta zako: daftari la chama, barua za mwana aliyetuma pesa kutoka Uarabuni, bili ya maji, picha za msingi unachimbwa.

Baada ya hapo warithi wanaweza kupatana mbele ya kadhi: wewe uache fungu lako kwenye shamba na wao waache lao kwenye nyumba, au wanao wakupe zao kwa hiari. Mapatano yaandikwe na kadhi ayatoe kama amri, kisha ipelekwe ofisi ya ardhi. Amri iliyolala kabatini haibadilishi rejista.

Walio hai wana njia bora zaidi, nayo ni hiba, yaani kumpa mtu mali kama zawadi ungali hai. Wazee wa Lamu waliijua. Binti akiolewa alipewa nyumba, na wengine walijenga juu ya nyumba yao, hata kuvuka njia kwa wikio, chumba kinachopita juu ya kichochoro, ili binti akae karibu. Mume anaweza kumpa mkewe nyumba, lakini nguzo zitimie: kutoa, kukubali, na kukabidhi. Ya tatu ndiyo huvunjika kortini. Mtoaji amebaki na hati mfukoni na kodi ya vyumba anapokea yeye, basi amekabidhi nini? Andikeni, mashahidi watie saini, hati ihamishwe, kodi ianze kupokelewa na mke. Na ifanyike mtu akiwa mzima. Hiba ya mgonjwa aliye mautini huhukumiwa kama wasia, haizidi theluthi, na wasia kwa mrithi haupiti bila warithi wengine kuridhia. Watu husubiri mpaka hospitali, sijui kwa nini.

Mume akifa: wasio Waislamu

Hapa sheria ni pole zaidi kwa mjane. Chini ya Sura ya 160, mume akifa bila wasia na akiacha watoto, mjane anachukua vyombo vya nyumbani na ana haki ya kuitumia mali iliyobaki, nyumba ikiwemo, maisha yake; watoto wanangoja. Mwana hawezi kukwambia "nyumba ya baba ni yangu". Anayeanza kuuza au kukodisha mali ya marehemu kabla ya mahakama kumpa mamlaka anatenda kosa la jinai, kifungu cha 45, hata awe kaka mkubwa wa marehemu.

Pata cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Hakikisha umetajwa kama mke. Kama ndoa ilikuwa ya kimila na haikusajiliwa, leta mashahidi wa mahari. Ombi la kusimamia mali ya marehemu likitangazwa kwenye Gazeti la Serikali kuna siku 30 za kupinga. Ukigundua baadaye kwamba shemeji alifungua faili kimyakimya mji mwingine akakuacha nje, bado unaweza kuomba kibali chake kifutwe kwa sababu aliificha mahakama ukweli.

Mama aliyemjengea mwanawe

Hili linaniuma, kwa hiyo nitalisema waziwazi. Mama anauza kiwanja chake, pesa anampa mwana ajenge kwenye ploti ya mwana, kwa ahadi kwamba chumba cha uani ni cha mama mpaka kufa. Hakuna karatasi, maana nani huandikiana na mwanawe? Mwana akifa, au akikopa benki, au mke akibadilika, mama hana jina popote.

Kama bado hujatoa pesa, mambo ni mepesi: andikishaneni mkataba wa kukodi wa muda wa maisha yako, kwa kodi ndogo hata ya jina tu, usajiliwe kwenye hati. Mkataba uliosajiliwa unamfunga hata atakayenunua. Au jina lako liingie kwenye hati na hisa zitajwe. Kama pesa zilishatoka, hujapotea kabisa. Sheria hutaka mikataba ya ardhi iwe ya maandishi, lakini haiondoi amana inayojengeka kutokana na pesa na ahadi zenyewe. Mahakama inaweza kusema mwana ana hati lakini sehemu ameishika kwa ajili yako. Utahitaji stakabadhi ya benki, mkataba wa kuuza kile kiwanja chako, na watu waliosikia ahadi. Anza kwa usuluhishi, mbele ya wazee au mahakamani, kwa kuwa kesi na mwanao hata ukishinda utakaa naye vipi?

Shamba la ukoo

Kwa mama wa Kigiriama au Kichonyi aliye kwenye shamba la babu lililoandikishwa kwa jina la ndugu mmoja: Mahakama ya Juu mwaka 2018 ilikubali kwamba mwenye hati anaweza kuwa ameishika kwa amana ya kimila, kwa niaba ya ukoo. Mahakama itaangalia kama ardhi ilikuwa ya ukoo kabla ya kusajiliwa na kama wewe ni wa ukoo huo kweli, kwa hiyo onyesha makaburi, minazi na miembe ya wazee, na nani alipanda.

Tena kuna lile tunaloliogopa kulitaja. Katika Kilifi wazee wameuawa kwa kisingizio cha uchawi huku shamba ndilo lililokuwa likitafutwa, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma, Ganze, kuhifadhiwa. Ukianza kusikia neno hilo likizunguka jina lako, usingoje sachi wala kosheni. Ripoti polisi upate namba ya OB, kitabu chao cha matukio, mwambie chifu kwa maandishi, ondoka ukalale kwa mtu unayemwamini. Ardhi itafuatiliwa ukiwa hai.

Notisi ikija

Isome tarehe. Kwa aliye kwenye ardhi ya mtu binafsi bila haki, kifungu cha 152E cha Sheria ya Ardhi kinataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu, na kabla haijaisha unaweza kwenda mahakamani kuomba isimamishwe au upewe muda. Sheria inataja pia kwamba wazee wahifadhiwe wakati wa kutolewa. Kama wewe ni mpangaji wa chumba kisichozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri ya Baraza la Kodi za Nyumba. Kukufungia kufuli au kung'oa mabati ni kosa lake.

Msaada upo. FIDA, chama cha mawakili wanawake, na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi Mombasa, na kuna huduma ya serikali ya msaada wa kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016. Asiye na ada ya mahakama anaweza kuomba kufungua kesi kama maskini. Mahakama ya Kadhi, Lamu na Malindi, utasema Kiswahili chako na unaweza kujisimamia mwenyewe.

Popote uendapo, hati yenyewe isitoke nyumbani mpaka mahakama iitake. Nenda na nakala mbili za kila karatasi: moja wabaki nayo, nyingine wakupigie muhuri wa kupokelewa, na tarehe, urudi nayo.